Tajiri wa siku 18

Kaya inayochambuliwa hapa ina nyumba yake, gari la miaka minne, watoto wawili walio chini ya miaka 14 katika shule ya kulipia, na akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Ukijumlisha mali zake zote na kutoa madeni yote, kinachobaki ni sawa na mapato yake ya karibu miaka miwili. Mshahara mkubwa uliposimama, fedha taslimu ziliisha kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, na kufikia mwezi wa tatu kaya ilikuwa inakopa ili ile.

Kisa kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kaya nyingi; hakuna familia moja inayosimuliwa. Tarakimu ni za mfano, lakini hesabu zinafungana na msomaji anaweza kuzipiga upya. Ili tusigombane na sarafu, mapato ya kaya hii kwa mwezi, baada ya kodi na makato, tumeyaita 100. Namba nyingine zote zisomwe kwa kulinganisha na hiyo.

Daftari kabla ya mshtuko

Mzazi mmoja analeta 80, mwenzake 20. Matumizi ya mwezi ni haya: rejesho la mkopo wa nyumba 34, rejesho la gari 11, ada za shule 12, chakula 15, umeme, maji, simu na intaneti 6, mafuta na usafiri 7, bima 3, msaada kwa ndugu 5, mavazi na starehe 5. Jumla 98. Zinabaki 2.

Upande wa mali, nyumba ina thamani ya 5,200 sokoni, gari 300, akiba ya uzeeni 900 ambayo haiguswi kabla ya kustaafu, samani na vyombo 100, fedha benki 60. Jumla 6,560. Madeni ni nyumba 3,900, gari 260, kadi ya mkopo 40. Jumla 4,200. Tofauti ni 2,360.

Ukiona vyaelea jua vimeundwa, na siku hizi jua pia vimekopewa. Lakini deni peke yake halikuwa ugonjwa wa kaya hii. Mkopo wa nyumba una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kwa rejesho la 34 unaisha baada ya miaka 18 na kidogo. Ni mkopo wa kawaida kabisa. Kinachopaswa kutazamwa ni muundo wa ile 34: mwezi huu 26 ni riba na 8 tu ndiyo inapunguza deni. Familia inayosema "tunajinunulia nyumba kwa 34 kwa mwezi" kwa sasa inanunua kwa 8.

Kiswahili kina neno linalofaa kuliko yote hapa. Mkwasi ni tajiri. Watu wa benki wamelichukua neno ukwasi wakalipa kazi nyembamba zaidi: uwezo wa kupata fedha taslimu upesi bila kuuza kitu kwa hasara. Kaya hii inao utajiri. Ukwasi wake ni 60, na kwa matumizi ya 98 kwa siku 30, hizo ni siku 18.

Kipimo cha pili kinahusu sehemu ya mapato ambayo tayari imeahidiwa kwa mtu mwingine. Nyumba, gari, ada, bima na huduma za nyumbani ni 66. Hayo hayapungui kwa kuamua. Yanapungua kwa kuvunja mkataba, kuhamisha mtoto au kukatiwa umeme. Kwa hiyo siku ya kubana mkanda, mkanda wenyewe una urefu wa 32 tu, na 15 kati ya hizo ni chakula.

Miezi mitano

Ile 80 inasimama mwishoni mwa mwezi. Inabaki 20.

Mwezi wa kwanza kaya haibadilishi chochote. Ni kosa, lakini lina mantiki yake: kazi mpya inatarajiwa "wiki mbili tatu hizi", na kupunguza matumizi mbele ya watoto, wazazi na majirani ni kutangaza msiba kabla ya maiti. Pengo ni 78. Zile 60 zinaondoka zote, na 18 zinapakizwa kwenye kadi.

Mwezi wa pili starehe inakatwa, msaada kwa ndugu unasimama, mafuta yanapungua kwa 3. Matumizi yanashuka hadi 85, pengo 65. Kadi ina kikomo cha 120 na riba ya asilimia 3 kwa mwezi, inajaa. Bado zinapungua 6, ambazo rafiki anazitoa.

Mwezi wa tatu kaya inaacha kulipa nyumba na gari. Inabaki na ada, chakula, huduma, usafiri wa 4 na bima, jumla 40, pamoja na 4 za kuituliza kadi. Mapato ni 20. Pengo la 24 linazibwa na mkopo wa haraka unaotoka ndani ya dakika chache kwa asilimia 10 kwa mwezi. Kuanzia hapa kila uamuzi una bei mbili, ya mwenye nafasi ya kusubiri na ya asiye nayo.

Mwezi wa nne gari linauzwa. Mwezi wa tano ada hazilipwi. Kila mwezi kati ya hiyo miwili unaongeza mkopo wa haraka, 24 na kisha 15, na sehemu yake inalipa riba ya mkopo wa haraka uliotangulia.

Mtu akisoma orodha hii akiwa ametulia atauliza kwa nini hawakufanya lolote mapema. Mwaka 2013 jarida la *Science* lilichapisha utafiti uliowapima wakulima wa miwa nchini India kabla na baada ya mavuno. Watu walewale walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri pale walipokuwa hawana fedha kuliko walipokuwa wameshalipwa. Anayepanga deni la kesho asubuhi hana kichwa kilichobaki cha kupanga miezi sita ijayo. Ushauri mwingi wa fedha huandikwa kana kwamba msomaji amelala vizuri.

Gari

Tukio hili linastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndani yake muna kisa kizima.

Gari lenye thamani ya 300 hupata 300 kama muuzaji anaweza kusubiri wiki sita hadi nane, kukataa wanunuzi watatu wa kwanza na kuruhusu fundi wa mnunuzi wa nne alikague kwa utulivu. Muuzaji wetu ana siku tano. Mnunuzi analitambua hilo bila kuambiwa: gari limeoshwa leo asubuhi lakini madaftari ya watoto bado yako kiti cha nyuma, na mwenyewe ameuliza mara mbili kama fedha zinaweza kupatikana leo. Bei inasimama kwenye 225. Hakuna kilichoharibika ndani ya injini. Zile 75 zilizopotea ni bei ya haraka.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi hawaijui mpaka wafike hapo. Hati ya gari iko kwa mkopeshaji. Baada ya marejesho mawili kulipwa, moja kuruka na faini ya 3 kuongezwa, deni limefika karibu 250. Mkopeshaji haachii hati kwa 225. Mnunuzi naye halipi bila hati. Mwenye gari anatakiwa alete 25 taslimu ili aruhusiwe kuuza mali yake mwenyewe na kubaki bila chochote. Anazikopa kwa ndugu, yuleyule aliyekatiwa msaada miezi miwili iliyopita.

Anachopata kwa kuuza ni kuondokewa na rejesho la 11, kiasi cha bima na mafuta. Ni nafuu ya kweli. Lakini lile gari lililoandikwa upande wa mali kama 300 halikuleta senti moja mfukoni, lilitoa 25.

Nyumba ambayo haikuuzwa

Kwenye karatasi, nyumba ina 1,300 za mwenyewe: 5,200 ukitoa 3,900. Jamaa kadhaa walishauri iuzwe. Hesabu ya mwezi wa tano ilikuwa hivi. Kwa mauzo ya haraka, chukulia asilimia 85 ya bei ya soko, yaani 4,420. Ondoa asilimia 5 ya dalali, mwanasheria na gharama za kuhamisha umiliki, 221. Zinabaki 4,199. Deni, baada ya marejesho mawili kulipwa na matatu kuruka pamoja na riba na faini, ni karibu 3,970. Mwenye nyumba angeondoka na 229, kisha aanze kutafuta kodi ya pango na amana yake.

Zaidi ya elfu moja zingeyeyuka, nyingi kati ya hizo kwa sababu ya haraka tu. Kwa hiyo thamani ya mali inafaa iandikwe mara mbili, bei ya miezi sita na bei ya wiki moja. Fedha benki zina bei moja. Nyumba hii ina 1,300 na 229. Gari lina 40 na hasi 25. Akiba ya uzeeni ina 900 na sifuri. Ukiijumlisha safu ya pili pamoja na zile 60 na kutoa kadi, picha haifanani hata kidogo na ile 2,360.

Kazi iliyokubaliwa mapema

Tukusanye gharama zilizotokana na kukosa nafasi ya kusubiri. Punguzo la gari 75. Riba ya kadi kwa miezi mitano, karibu 15. Riba ya mikopo ya haraka, 7. Faini za gari na nyumba, 11. Jumla 108, zaidi ya mapato ya mwezi mzima wa neema.

Hata hivyo hiyo si gharama kubwa kuliko zote. Mwishoni mwa mwezi wa tano mzazi aliyeachishwa kazi anapata nafasi mbili. Moja inalipa 70 na inaanza Jumatatu. Ya pili inalipa 82, lakini ina usaili wa pili na idhini ya bodi, wiki sita hadi nane. Anachukua ya 70. Hawezi kufanya vingine. Wakopeshaji wa haraka hawasubiri bodi ikae. Tofauti na mshahara wake wa zamani ni 10 kwa mwezi, 120 kwa mwaka, na itarudi mwaka unaofuata na ule wa baadaye, kwa sababu mwajiri wa tatu atauliza mshahara wake wa mwisho ulikuwa kiasi gani. Riba na faini zina mwisho. Hii haina.

Kiswahili cha kila siku humwita mwajiri "tajiri wangu", na katika kisa hiki neno limekaa mahali pake: ni yule anayeweza kusubiri bodi ikae.

Kaya ya pili, kwa kulinganisha

Weka pembeni kaya nyingine ya ukubwa uleule, yenye mapato ya 45: 30 za mmoja na 15 za mwenzake. Inapanga. Kodi ya pango 12, chakula 13, shule 2, usafiri 3, huduma 4, bima ya afya 2, ndugu 1, mengine 1. Jumla 38, zinabaki 7. Haina deni. Ina 190 benki, zana za kazi za 60 na vyombo vya 30. Mali yote ni 280. Kaya ya kwanza inaizidi zaidi ya mara nane.

Ile 30 inasimama mwezi uleule. Siku ya tatu matumizi yanashushwa hadi 34. Pengo ni 19 kwa mwezi, na miezi mitano inakula 95. Mwezi wa tatu inakuja kazi ya 24, wanaikataa. Mwishoni mwa mwezi wa tano inakuja ya 31. Benki bado kuna 95, ambazo kwa pengo lilelile zingewafikisha miezi mitano mingine.

Ni rahisi kuigeuza kaya hii kuwa mtakatifu, na haifai. Utulivu wake ulitegemea mambo mawili ambayo nidhamu haiyaleti: kodi haikupanda, na hakuna aliyelazwa kwa muda mrefu. Bili moja ya 150 isiyofunikwa na bima ingewaweka mahali pamoja na kaya ya kwanza, tena bila nyumba ya kuweka rehani. Na ile methali ya akiba haiozi ina walakini wake: mfumuko wa bei wa asilimia 6 unakula karibu 11 ya 190 kwa mwaka. Akiba inaoza, ila polepole kuliko gari linavyooza kwa siku tano.

Vipimo rasmi vinaona nani?

Hapa kisa kinakuwa kichungu. Njia moja inayotumika sana, kwa mfano katika Umoja wa Ulaya, huchukua mapato ya mwaka ya kaya, huyasawazisha kwa idadi ya watu (mtu mzima wa kwanza 1, kila anayeongezeka mwenye miaka 14 au zaidi 0.5, mtoto 0.3), kisha huuliza kama yako chini ya asilimia 60 ya mapato ya mtu aliye katikati kabisa, nusu ya watu wakiwa juu yake na nusu chini.

Kaya zetu zote zina kigawanyo cha 2.1. Tuseme mtu wa katikati ana 34 kwa mwezi. Mstari unakuwa 20.4. Chukua mwaka wenye miezi mitano ya kawaida, mitano ya shida na miwili ya kazi mpya. Kaya ya kwanza imepata 780, wastani wa 65 kwa mwezi, ukigawa kwa 2.1 ni 31. Iko juu ya mstari kwa mbali. Ya pili imepata 392, wastani wa karibu 33, ukigawa ni 15.6. Imehesabiwa maskini.

Yaani takwimu za mwaka huo zitasema kwamba waliokopa ili wale hawakuwa maskini, na waliokataa kazi ya mshahara mdogo walikuwa. Vipimo vingine havitasaidia zaidi. Mstari wa umaskini uliokithiri wa Benki ya Dunia, uliopandishwa Juni 2025 kutoka dola 2.15 hadi dola 3.00 kwa mtu kwa siku, uliwekwa kwa ajili ya watu walio chini sana ya kaya zote mbili. Kipimo cha umaskini wa nyanja nyingi kilichoanza kutumika mwaka 2010 kinatazama afya, elimu na hali ya maisha kwa viashiria 10. Kaya ya kwanza itavuka vyote huku friji tupu ikiwa imeunganishwa na umeme.

Vipimo hivyo havina makosa. Viliundwa kuhesabu kukosa, na kazi hiyo vinaifanya vizuri. Havikuundwa kupima umbali uliobaki kabla ya kukosa.

Hata hesabu ya mali inadanganya. Baada ya miezi mitano kaya ya kwanza ina mali ya 6,200 na madeni ya karibu 4,196. Tofauti ni 2,004. Ya pili imebaki na 185. Mwanzoni ya kwanza iliizidi mara 8.4. Sasa inaizidi karibu mara 11. Anayetazama pengo la utajiri pekee ataandika kwamba kaya ya kwanza ndiyo iliyopita vizuri zaidi kwenye msukosuko.

Kingewezekana nini

Tuipe kaya ya kwanza siku kumi za mwanzo tena, ikiwa na akili iliyotulia. Kwanza, amwandikie mkopeshaji wa nyumba kabla ya rejesho la kwanza kuruka na kuomba alipe riba tu kwa miezi sita, 26 badala ya 34. Mkopeshaji humsikiliza anayekuja akiwa hana malimbikizo kuliko anayekuja akiwa na matatu; baada ya hapo faili huhamia kwa watu ambao kazi yao ni kukusanya. Pili, gari liingie sokoni wiki hiyohiyo, wakati bado ana wiki sita za kukataa. Kwa 300, na deni likiwa karibu 252 baada ya rejesho moja, anaondoka na 48. Tatu, azungumze na shule kuhusu awamu akiwa bado hadaiwi. Nne, kadi isinunue chakula.

Matumizi yanakuwa nyumba 26, ada 12, chakula 15, huduma 6, usafiri 3, bima 3: jumla 65. Pengo 45. Fedha iliyopo ni 60 na 48, jumla 108. Inatosha miezi miwili na siku kumi hivi, na rejesho la mwisho la gari linapunguza wiki moja hapo.

Ndiyo kusema hata kwa utekelezaji usio na dosari, siku 18 zinakuwa kama 65. Shida ilidumu 150. Wataalamu wengi wa fedha za familia huishia kwenye orodha ya hatua za dharura kana kwamba zingetosha. Kwenye kisa hiki hazitoshi. Zilihitajika 225 taslimu. Kwa ziada ya 2 kwa mwezi, kuzitoa kutoka 60 hadi 225 kunachukua karibu miaka saba. Bila mkopo wa gari ziada ingekuwa 13, na 165 zilizopungua zingepatikana kwa miezi 13. Tofauti yote kati ya miaka saba na mwaka mmoja ilikuwa gari la bei hiyo badala ya la bei nafuu lililolipwa lote.

Kuhusu zile 225, mahali pa kuziweka ni pale zinapotoka ndani ya siku moja au mbili bila kuomba ruhusa ya mtu. Kiwanja si mahali hapo. Hisa si mahali hapo, kwa kuwa mara nyingi kazi hupotea msimu uleule ambao hisa zinashuka. Na fedha iliyo mikononi mwa ndugu anayekudai heshima si akiba, hata kama ipo.

Hatusemi gari lilikuwa ujinga. Mwanauchumi Adam Smith aliona tangu 1776 kwamba kibarua wa Ulaya wa wakati wake angeona haya kutoka mbele za watu bila shati la kitani, ingawa shati hilo si hitaji la mwili. Gari na shule ya kulipia ni mashati ya kitani ya kaya hii: ndiyo yanayofanya mzazi aitwe kwenye usaili na mtoto aalikwe nyumbani kwa wenzake. Sehemu ya gharama ya kuonekana si maskini ni kinga dhidi ya kuwa maskini. Ugumu ni kujua ni sehemu gani.

Hesabu hii inapokoma

Kuna kaya ambayo uchambuzi huu haupaswi kuletwa mlangoni pake. Chukua mapato ya 27 na mahitaji yasiyopungua 34, yale ya kaya ya pili ikiwa imebana. Kila mwezi hasi 7. Hakuna daftari, bahasha wala programu ya simu inayoweza kuweka akiba ndani ya hasi 7. Seebohm Rowntree, aliyepima kaya za wafanyakazi wa mji wa York, Uingereza, mwaka 1899 na kuchapisha matokeo mwaka 1901, alitenganisha hali hizi mbili: umaskini wa kwanza, ambapo mapato hayatoshi mahitaji ya mwili hata kila senti ikitumiwa vema, na wa pili, ambapo yangetosha kama sehemu isingechukuliwa na matumizi mengine, yawe ya maana au ya hovyo. Kumfundisha mtu wa hali ya kwanza kubana matumizi ni kumpa dawa ya ugonjwa wa jirani. Anachohitaji ni mapato, ruzuku au bei tofauti.

Zilipo sasa

Kaya ya kwanza ina mapato ya 90 na matumizi ya 73 bila gari. Zinabaki 17. Kadi inakula 3.6 ya riba kila mwezi, na mikopo ya haraka ya 63 inakula 6.3 mwezi wa kwanza. Malimbikizo ya nyumba yakisogezwa mwisho wa mkopo, mikopo ya haraka pekee itachukua miezi 7 kumalizika. Ndiyo ya kwanza kulipwa kwa sababu ya ile asilimia 10, kisha kadi, ada na 6 za rafiki. Ndugu mwenye 25 zake anastahili kulipwa mapema kuliko hesabu ya riba inavyosema, maana ndiye mkopeshaji pekee atakayehitajika tena.

Kaya ya pili ina 46, inatumia 38. Zile 8 zinarudisha akiba kwenye 190 kwa miezi 12. Lakini hapa ndipo swali la tajiri ni nani linapogeuka. Baada ya miaka 18 kaya ya kwanza, ikivuka, itaacha kulipa 34, itakuwa na nyumba na akiba ya uzeeni. Ya pili itakuwa bado inalipa 12, na zana zake za kazi zinahitaji mikono yenye nguvu. Imelindwa kwa miezi kumi, haijalindwa kwa miaka thelathini. Mgawanyo unaoweza kubebeka ni zote 8 ziende kwenye akiba hadi ifike 114, matumizi ya miezi mitatu, jambo la miezi mitatu tu. Kisha 4 ziendelee hapo na 4 ziingie kwenye akiba ya uzeeni. Hizo 4 kwa miaka 25, zikizaa asilimia 3 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, zinafika karibu 1,784. Kwa matumizi ya 38, hiyo ni miezi 47 ya uzee.